Injini Inayosamehe: Mabishano ya Magereji ya Jinja na Mbale kama Chanzo cha Historia

Mwaka 1999 jarida la Uingereza liitwalo Engine Technology International lilianzisha tuzo ya kimataifa ya injini ya mwaka. Waamuzi walikuwa waandishi wa habari za magari kutoka nchi mbalimbali, na mshindi mkuu wa kwanza alikuwa injini ndogo ya Toyota ya lita 1.0, ile iliyofungwa katika gari linaloitwa Yaris huko Ulaya na Vitz huko Japani. Msomaji wa Uganda hana haja ya kuelezwa Vitz ni gari gani. Yawezekana hata mhadhiri atakayesahihisha insha hii amekuja nalo kazini. Hata hivyo, katika likizo mbili nilizozitumia kuwasikiliza mafundi na madereva wa Jinja na Mbale wakibishana ni injini ipi inayostahili heshima kuliko zote, sikumsikia hata mmoja akiitaja ya Vitz. Nilipowaeleza kwamba injini hiyo iliwahi kutawazwa kuwa bora duniani, walicheka. Fundi mmoja wa Mbale akaniuliza, "Waliipa hiyo tuzo ikiwa na umri gani?"

Ilikuwa mpya, bila shaka. Tuzo za aina hiyo hupewa injini iliyo mpya. Waamuzi huiendesha, huangalia nguvu zake, ulaji wake wa mafuta, ulaini wa mwendo wake na ubunifu wa wahandisi walioibuni, kisha hupiga kura. Kwetu injini nyingi huwasili zikiwa zimekwisha kufanya kazi miaka kumi au zaidi katika nchi nyingine, na hapo ndipo sehemu ndefu ya maisha yao huanza. Kwa hiyo waamuzi wale na watu wa Jinja hawabishani juu ya kitu kimoja, ingawa wote wanakiita injini bora.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba mtu asiye na fedha huchagua kinachodumu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamtoshi mwanafunzi wa historia, kwa sababu yanavifanya vigezo vyetu vionekane kama vilikuwapo tangu milele. Hoja yangu ni kwamba vigezo hivyo vina umri. Vilianza wakati fulani, kwa sababu zinazojulikana, na kabla ya hapo watu wa miji hii hii waliisifu injini kwa mambo mengine kabisa. Mabishano ya gereji yakisikilizwa kwa makini ni kumbukumbu ya uchumi na siasa za mashariki mwa Uganda tangu miaka ya 1960, na kila kizazi kinaipigia kura injini ya wakati wake wa dhiki.

Kwanza niseme niliyasikia wapi. Upande wa Jinja nilikaa zaidi Bugembe, ambako mjomba wangu ni fundi wa dizeli. Upande wa Mbale nilizunguka magereji ya kando ya Barabara ya Kumi na ya Namatala. Mabishano hayana siku maalumu. Huanza gari linapokataa kuwaka, au mvua inapowakusanya watu chini ya bati moja, na yana sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika. Sheria ya Bugembe ni kali: huruhusiwi kuitetea injini ambayo hujaifungua kwa mikono yako au kuiendesha mpaka ikakuharibikia njiani. Uliyoyasoma au kuyaona kwenye simu hayahesabiki. Kwa sheria hiyo mimi sikuwa na haki ya kusema lolote, nikapewa jina la "Mwalimu" na kazi ya kuandika.

Lugha nayo inastahili neno. Jinja husikia Lusoga na Luganda, Mbale Lumasaba, lakini mabishano yakipamba moto Kiswahili huingia, kwa kuwa kwenye barabara ya Malaba na Busia ndicho kinachowaunganisha dereva wa Eldoret, fundi wa Bugiri na turniboi wa Tororo. Kiswahili hicho huitazama injini kama mwili. Injini inakunywa, inakula oili, inakohoa, inachemka, inachoka, inakufa, kisha inafufuliwa. Na sifa kubwa kuliko zote, niliyoisikia katika miji yote miwili, ni kwamba injini fulani "inasamehe". Inasamehe oili iliyochelewa kubadilishwa, dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, abiria wa ziada, na fundi anayejifunza. Sijui kama kuna kipengele cha msamaha katika fomu za waamuzi wa Ulaya. Hapa ndicho kinachoamua kesi.

Katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, Joshua Grace ameonyesha kuhusu Tanzania jinsi mafundi wa magereji walivyolifanya gari kuwa teknolojia yao wenyewe kwa kulitengeneza na kulibadilisha. Ninakubaliana naye, ila mimi navutiwa zaidi na maneno kuliko spana: jinsi watu wanavyohukumu, na hukumu hiyo ilitoka wapi.

Tuzo ya kwanza ya magari ambayo wazee wa miji hii wanaikumbuka ilikuwa mashindano. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa watu wa barabara ya kutoka Nairobi kwenda Kampala hayo ndiyo yaliyokuwa mahakama ya magari. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Mercedes ikatwaa mwaka 1959, 1960 na 1961. Kisha ikaja Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Tuzo hii ilikuwa tofauti na ile ya 1999 kwa jambo moja kubwa: haikutolewa kwa kura. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza saba. Matope ndiyo yaliyokuwa waamuzi. Hata gari kuukuu liliweza kushinda: mwaka 1965 Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na kiwanda kabla ya kufika mikononi mwao. Habari hii niliisimulia Bugembe ikapokelewa kwa shangwe. Nadhani ndiyo mara pekee nilipochangia kitu.

Wazee waliokuwa watoto au vijana miaka hiyo wanapozungumzia injini za wakati ule husifu mwendo. Wanasifu mlio, jinsi gari lilivyopita kabla vumbi halijapanda, jinsi dereva alivyobadilisha gia kwenye kona. Hakuna anayezungumzia spea. Spea zilikuwapo. Jinja ilikuwa mji wa viwanda, umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 ukiendesha mashine zake, na maduka ya Main Street, ambayo baadhi bado yana majina ya Kihindi na tarehe za ujenzi kwenye paji la ukuta, yaliuza karibu kila kitu. Mbale ilikuwa na kahawa ya Elgon na Chama cha Ushirika cha Bugisu kilichoanzishwa mwaka 1954, na malori ya Bedford yaliyoteremsha magunia kutoka milimani. Injini ikichoka, kifaa kipya kiliagizwa, na hakuna aliyeona hilo kuwa jambo la kusimulia.

Hapa niingize kosa moja la kumbukumbu ambalo limenifundisha zaidi ya majibu sahihi. Mzee mmoja aliapa mbele yangu kwamba Peugeot 504 ndiyo iliyoshinda Safari mwaka 1968. Haikuwa hivyo. Mwaka huo ilishinda 404. 504 ndiyo kwanza ilikuwa inaonyeshwa kwa umma huko Ufaransa, na ushindi wake wa Safari ulikuja mwaka 1975 na 1978. Siku iliyofuata mtu mwingine, katika mji mwingine, alirudia kosa lile lile. Mwanahistoria wa Italia Alessandro Portelli alikwisha kutuonya kwamba kosa la masimulizi lina maana yake, na kwamba tusilitupe kama takataka. Nadhani maana yake hapa ni hii: 504 ndiyo gari walilolijua kwa mikono, ndiyo waliyoiendesha kama teksi na kuitengeneza wakati hakuna kitu, kwa hiyo wakachukua taji la kaka yake mkubwa wakaivika yenyewe. Walihisi inastahili, na kumbukumbu ikatoa tuzo ambayo mashindano yalikuwa bado hayajaitoa.

Mabadiliko ya vigezo yana mwaka. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wataondoka Uganda, nao wakapewa siku 90. Miongoni mwa walioondoka alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala na mtoto wa familia ya wenye mashamba, aliyehamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, alishinda Safari kwa Datsun 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström, kisha akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kwa mtafiti wa michezo hiyo ni hadithi nzuri ya dereva mmoja. Kwangu ni ishara ya kilichoondoka pamoja na watu wale: dereva aliyeijua barabara ya Jinja aliendelea kushinda akiwa ng'ambo ya mpaka, na huku Jinja maduka ya vipuri yakabaki na rafu tupu.

Hapo ndipo msamiati unapogeuka. Fundi aliyeanza kama kijana wa kuoshea spana kabla ya 1972 aliniambia kwamba mwaka mmoja tu baadaye alikuwa ndiye fundi mkuu, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki. Bosi wake alikuwa ameondoka na ufunguo wa stoo ukabaki, lakini stoo ilimalizika upesi. Baada ya hapo walikata gasketi kutoka makaratasi magumu, walisugua kwa tupa ringi za pistoni za gari moja ili ziingie katika jingine, na kutoka magari matatu yaliyokufa walipata moja linalotembea. Anapoitaja injini nzuri ya miaka hiyo hataji mwendo wake hata kidogo. Anasema ilikubali. Ilikubali ringi isiyo yake, ilikubali oili iliyochujwa kwa kitambaa. Neno la msamaha, naamini, lilizaliwa katika stoo hiyo tupu.

Mbale ilikuwa na njia nyingine ya kuishi. Baridi kali iliyoua mikahawa ya Brazili mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya mlima Elgon ikaanza kuvuka mpaka usiku kwenda soko la Chepkube upande wa Kenya. Ndiyo miaka ya magendo, neno la Kiswahili ambalo kila Mganda wa rika lile analijua hata kama hajui jingine. Kahawa ilikwenda kwa punda, kwa vichwa vya watu na kwa magari, na kilichorudi, kwa maelezo ya wazee wa Namatala, hakikuwa sabuni na chumvi peke yake. Zilirudi nozeli. Zilirudi beringi zilizofungwa ndani ya blanketi. Mmoja aliniambia kwamba unaweza kuijua familia iliyokuwa na mtu Chepkube kwa kusikiliza gari lake likipanda mlima. Basi fundi wa Mbale alijifunza kuisifu injini ambayo spea zake zilipatikana upande wa pili wa mpaka, na mpaka leo watu wa Mbale huanza hoja kwa kuuliza, "Spea zake zinatoka wapi?", wakati watu wa Jinja huanza kwa kuuliza inakunywa kiasi gani.

Kuna injini moja ambayo haibishaniwi kwa urahisi. Nimeitaja 504. Dizeli yake ilikuwa na sifa zote ambazo fundi wa wakati ule angeziomba: nzito, ya polepole, isiyojua kukata tamaa. Nilitarajia iongoze. Lakini Namatala, ilipotajwa, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi alisema isitajwe mbele yake. Vijana walidhani anatania. Hakuwa anatania. Magari ya Peugeot 504 yalikuwa miongoni mwa yale yaliyotumiwa na watu wa State Research Bureau, polisi wa siri wa Amin, yakiwa na namba za UVS, na watu waliochukuliwa walitiwa kwenye buti. Baadaye mzee huyo alinieleza peke yangu kwamba mtaani kwao waliujua mlio wa gari hilo usiku. Lilisimama nyumba ya tatu. Lilipotaka kuondoka, alisema, wote waliokuwa wamelala macho wazi waliomba lisiwake. Likawaka mara moja.

Sijui kigezo gani kinaweza kubeba jambo hilo. Tunapoisifu injini kwa kutomwangusha mwenyewe, tunasahau kuuliza mwenyewe alikuwa nani. Nimeandika hapa kwa sababu mzee alinitaka niandike, na kwa sababu bila hilo insha hii ingekuwa hadithi ya furaha ya watu werevu wanaotengeneza magari.

Baada ya vita vya 1979 na misukosuko ya miaka ya 1980 yalikuja magari ya Japani yaliyotumika, na pamoja nayo kizazi cha tatu cha wabishani. Hawa ndio wengi leo, na ubishi wao ni wa injini za Toyota HiAce, ile tunayoiita kamunye: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0. Ukitaka kumwona mtu mzima akisimama juu ya tairi ili asikike, sema mbele ya fundi wa Bugembe kwamba 2L ni bora kuliko 3L. Hoja ya Jinja ni ya barabara tambarare na foleni ya daraja: gari linabeba watu 14 kwa mujibu wa leseni, linasimama kila mita mia mbili, na faida ya siku ipo ndani ya tangi. Pampu ya injini hizi inaendeshwa kwa mkanda wa taimingi, haina kompyuta, na kijana wa miaka 16 anaweza kufundishwa kuifungua kabla hajaoa. Huo ndio msingi wa kura ya Jinja, ambayo kwa hesabu zangu inakwenda kwa 3L.

Mbale wanaikataa. Kutoka Mbale barabara zinapanda: Kapchorwa, Budadiri, Bududa. Injini ndogo ya dizeli ikipandishwa huko na mzigo huchemka, na 2L ikichemka mara nyingi hedi yake hupasuka. Wao wanaipa heshima 1HZ, injini ya Land Cruiser iliyotoka mwaka 1990, silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Inakunywa, wanakiri, lakini mlimani nani anauliza? Dereva mmoja aliyenieleza sababu ya kura yake hakuzungumzia injini kwa dakika kumi za mwanzo. Alizungumzia Machi 2010, maporomoko ya ardhi yalipoifukia Nametsi huko Bududa, na jinsi alivyopanda na kushuka akibeba majembe, mahema na watu, katika tope ambalo lilikuwa shamba la mtu siku mbili kabla. Kuna wanaotetea Fuso kwa sababu ndiyo inayobeba matoke na kabichi. Madereva wa lukululana, yale malori marefu ya Malaba, nawaacha kando. Wana bunge lao.

Sasa tuweke orodha mbili pamoja. Tangu mwaka 1999 hadi 2019 tuzo kuu ya kimataifa ilikwenda kwa injini za petroli na zile zinazochanganya petroli na umeme: Toyota, Honda, BMW mara nyingi, Mazda yenye injini ya kuzunguka mwaka 2003, Volkswagen, Fiat, Ford, Ferrari. Hakuna dizeli tupu hata moja iliyotwaa taji hilo. Katika magereji niliyokaa, kila injini iliyofika fainali ilikuwa dizeli. Ni kama watu wawili walioangalia mto mmoja na mmoja akahesabu samaki, mwingine mitumbwi. Mfano wa Ford unaonyesha pengo hilo vizuri. Injini yake ndogo ya EcoBoost, silinda tatu, lita 1.0, ilishinda mwaka 2012, 2013 na 2014, mara tatu mfululizo. Baadhi ya matoleo yake yalitumia mkanda wa taimingi unaofanya kazi ndani ya oili, na miaka iliyofuata wamiliki wengi huko Ulaya walilalamika kwamba mkanda huo hulika na vipande vyake kuziba njia ya oili. Waamuzi hawakukosea; mwaka 2012 hapakuwa na mkanda uliokuwa na umri wa kulika. Lakini fundi yule wa Mbale aliyeuliza umri wa mshindi hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anauliza swali la kihistoria: ushahidi wenu ni wa muda gani?

Hata hivyo nisiyapambe mabishano yetu kupita kiasi. Ni ya wanaume, karibu yote. Mama mmoja anayesafirisha nyanya na vitunguu kutoka Mbale hadi Jinja kwa njia ya Tirinyi alinisikiliza nikieleza utafiti wangu, kisha akasema hajawahi kuulizwa. Yeye hajui namba za injini. Anajua kwamba lori likifa Kibuku saa nane mchana, nyanya zinakuwa supu kufikia jioni, na kwamba injini ile "inayosamehe" imemwozea mizigo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, kwa sababu mwenye lori, akijua itasamehe, haibadilishi oili kabisa. Anayeisifu ni dereva. Anayelipa ni yeye. Angependa injini mpya, isiyosamehe, ambayo mwenyewe ataiogopa. Niliipeleka hoja hii Bugembe. Walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea na 3L. Naiona kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote nilizosikia, na inatuonyesha kwamba sifa za uvumilivu zilizokuwa ukombozi katika stoo tupu ya 1973 zinaweza kuwa kisingizio miaka hamsini baadaye.

Historia haijasimama. Mwaka 2018 sheria ilipiga marufuku kuingiza Uganda magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15, kwa ajili ya usalama na hewa. HiAce zenye 2L na 3L, ambazo kijana wa Bugembe amejifunzia, haziwezi tena kuja zikiwa gari zima. Zilizopo ndizo zilizopo, na injini kuukuu zinatafutwa soko la Kisekka, Kampala, zikiwa zimefungwa kwa waya juu ya mbao. Zinazokuja sasa ni zile HiAce mpya zaidi zinazoitwa "drone", na ndani yake kuna kompyuta inayotaka kusomwa kwa mashine kabla spana haijaguswa. Fundi asiye na mashine hiyo hulazimika kumpeleka mteja kwa mwenye nayo, na mteja harudi.

Na upo mpango mwingine karibu zaidi. Mwaka 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Makerere waliendesha Kiira EV, gari dogo la umeme la viti viwili. Mwaka 2016 likaja basi la Kayoola la kutumia jua. Kisha Kiira Motors wakapewa ekari 100 katika eneo la viwanda la Jinja ili wajenge kiwanda cha mabasi. Jina Kiira ni la mto wenyewe katika Lusoga. Kwa hiyo mji ambao mafundi wake walijifunza kufufua injini zilizokufa umepewa kiwanda cha magari ambayo hayana injini kabisa, yana mota na betri. Vijana wa Bugembe wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Baadhi wanaomba nafasi ya mafunzo huko. Wengine wanasema kitu kisichotoa moshi wala mlio hakiwezi kuingizwa katika mabishano, na mmoja, ambaye ameacha shule ili ajifunze pampu za dizeli na amebakiza mwaka mmoja kuhitimu kwa fundi wake, hataki mada hiyo iletwe wakati anakula.

Nilimuuliza mjomba kama mota ya Kayoola inaweza kushindania heshima na 3L. Akanikumbusha sheria ya Bugembe. Mpaka ninapoandika, hakuna aliye kati yao aliyekwisha kuifungua, na betri yake, wamesikia, ina onyo la kifo juu ya mfuniko. Mmoja wao amekwisha kununua glavu za mpira.